Orodha Iliyoishia Mia

Mjomba ndiye aliyeniingiza kazini, na ofisi nzima ilijua. Nikipewa kazi nyepesi, wenzangu walinitania kwamba mtoto wa dada hafi njaa. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Kiwanda chetu kinahifadhi maziwa. Kila chumba cha baridi kina kipimajoto, na vipimo vyake hupelekwa kwenye programu iliyojifunza joto la kawaida, ili ipige kengele mambo yakiharibika. Njia ya kupeleka vipimo hivyo tunaiita mlisho, na kila mlisho una mipangilio yake kwenye seva. Kuiweka mipangilio hiyo ilikuwa kazi ya mjomba.

Wiki moja maziwa ya chumba kipya yalichacha yote, na kengele haikulia. Meneja akauliza jambo moja tu: mlisho wa chumba kile uliwekwa au haukuwekwa? Mjomba akasema aliuweka. Mimi nikatumwa kuhakikisha.

Niliandika programu fupi ya kuiomba seva mipangilio yote. Mistari tisa, nikajiona bingwa. Orodha ikaja, nikaipekua juu hadi chini, chumba kipya hakimo. Mjomba alikuwa ofisi ya pili, mlango wazi, namsikia akikohoa. Ningeweza kumwita aje atazame. Sikumwita, kwa sababu nilitaka watu waone kwamba kazini sina mjomba. Nikaisoma ripoti kwenye kikao bila kumtazama usoni.

Mjomba aliisoma karatasi yangu, kisha akasema labda uzee umemwingia, labda alisahau. Hapo nilipaswa kushtuka, maana yule mtu hasahau hata alikonunua msumari. Alifukuzwa Ijumaa. Nikiwa kwenye ngazi nikasikia mtu akinong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nikajifanya kiziwi.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nahesabu vipimajoto kwa shughuli nyingine. Vilikuwa mia moja na kumi na vinne. Orodha yangu ya zamani ilikuwa na milisho mia kamili. Nikafungua maelekezo ya seva, ambayo kwa kiburi changu sikuwahi kuyasoma: usipotaja idadi, inakupa mia ya kwanza na kunyamaza. Nikaomba yote. Mlisho wa chumba kipya ulikuwepo, umewekwa na mjomba wiki sita kabla ya maziwa kuchacha. Kilichoharibika kilikuwa kipimajoto chenyewe.

Meneja akaandika barua ya kumrudisha kazini, nami nikaipeleka nyumbani kwake. Nilimkuta sebuleni akitengeneza redio ya jirani. Nilimweleza yote huku nalia, nikamwomba msamaha kwa ile mia. Aliisoma barua, akaikunja vizuri, akasema asante lakini harudi.

"Ile mia hata mimi ingenipita," akasema. "Nijibu hili tu. Angekuwa mtu mwingine aliyeweka ule mlisho, ungefanyaje?"

Sikuwa na nguvu ya kudanganya. "Ningemwita atazame kabla ya kikao."

"Basi mimi nilikosa nini, mwanangu, zaidi ya kuwa mjomba wako?"