Cha Kumnyamazishia Mtoto

"Vuta basi, shoga. Shuka halisikii uchungu," alisema Redio, akalivuta upande wake mpaka likanyooka katikati yao.

Chumba kizima cha pasi cha hoteli kilimwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitufe chake cha kuzimia. Hata mvuke ulipovuma kwenye mabomba, sauti yake ilipita juu. Mwenzake wa kukunja, ambaye tangu ajifungue walimwita Mama Kichanga, siku hiyo alivuta kwa nusu ya nguvu zake. Walikutana pembe kwa pembe, wakaachana, wakakutana tena, kama watu waliosahau kwamba wameshasalimiana. Shuka likawa mraba mdogo, Mama Kichanga akaliweka juu ya rundo na kugeuka kuchukua jingine.

Ndipo mtoto wa mpita njia alipolia nje ya dirisha. Kilikuwa kilio cha kawaida tu, cha mtoto anayevutwa mkono na hataki kwenda. Lakini kifua cha Mama Kichanga hakikuuliza huyo ni mtoto wa nani. Maziwa yalimtoka, yakapenya kitambaa alichojiwekea asubuhi, yakapenya gauni, yakafika kwenye aproni. Alijiziba kwa shuka la hoteli, kisha akakumbuka kwamba limeshapigwa pasi, akaliondoa haraka.

"Nenda kakamue," Redio alisema, kwa mara ya kwanza sauti ikiwa chini. "Nitamwambia msimamizi umekwenda msalani."

"Nikamue nimpe nani? Nyumbani hataki kunyonya."

"Hataki vipi?"

"Hataki. Nikimweka kifuani anajinyonga, anageuza shingo, analia mpaka anachoka. Kama aliyekabidhiwa kwa mtu asiyemjua."

Redio alitia mkono kwenye mfuko wa aproni akatoa kipakiti kidogo. Ndani mlikuwa na chuchu ya mpira ya kumtulizia mtoto, yenye pete ya samawati, mpya, bado na vumbi la dukani juu ya plastiki.

"Wangu wote wamekulia hii. Ukimtia mdomoni anatulia, akitulia ndipo utajua anataka nini."

"Mama mkwe hataki hata kuiona."

"Kwani tunampa yeye?"

Mama Kichanga alicheka bila kutaka. Kipakiti kilizama katika mfuko wake, wakashika shuka jingine.

Mama mkwe alikuwa amekuja wakati likizo ya uzazi ilipokaribia kwisha, na beseni lake na mkeka wake, bila kuitwa mara mbili. Hakuwa mkwe wa vituko. Alifua, alipika, alimwogesha mtoto akiwa amenyoosha miguu yote miwili, maji ya uvuguvugu yakimtiririkia magotini. Mjukuu wake alimwita "mume wangu", na mke wa mwanawe alimwita "mke mwenza", kwa utani ule wa bibi na wajukuu ambao hauna kodi. Mwanzoni Mama Kichanga aliufurahia.

"Mume wetu ameshindaje, Mama?" ndivyo alivyokuwa akiuliza akivua viatu.

"Ameshinda salama. Amekuulizia mara moja, nikamwambia mke mdogo amekwenda kututafutia riziki."

Siku hizi utani huo ulikuwa unamchoma. Mume wao alishinda salama mikononi mwa mke mkubwa, kisha mke mdogo akimchukua tu, anaanza kupiga kelele. Jirani mshona nguo, ambaye ukuta wake ulikuwa ndio ukuta wao, alimwambia siku moja kwa nia njema kabisa: "Una bahati, wewe. Mchana kutwa mtoto wako hatumsikii." Mama Kichanga aliitikia ahsante, lakini neno lile alilirudia moyoni mpaka usiku. Mchana hatumsikii. Yeye alikuwa akimsikia.

Jioni aliyotoa kile kipakiti mfukoni, mama mkwe alikiangalia kwa mbali na mikono yake nyuma.

"Mpira unamdanganya mtoto," alisema. "Ananyonya, ananyonya, hapati kitu. Mtoto umfunze uongo kabla hajaota jino?"

"Ni wa kumtuliza tu, Mama. Watu wengi wanatumia."

"Watu wengi wana watoto wao. Huyu ni wa kwetu."

Mume wake, fundi wa plasta, alikuwa amekaa mlangoni akijitoa saruji kwenye kucha. Wote wawili walimgeukia kwa pamoja. "Mimi simo," alisema, akaendelea na kucha.

Kwa hiyo alipompeleka mtoto kliniki, Mama Kichanga aliuliza huko. Muuguzi alimning'iniza mtoto kwenye mzani, akatazama sindano ya mzani, akaigonga kwa kidole, akatazama tena.

"Hajaongezeka," alisema. "Anakula?"

"Namkamulia kila alfajiri. Namwachia kikombe kizima, bibi yake anamnywesha kwa kijiko. Jioni kikombe nakikuta kitupu."

"Basi angeongezeka."

Mama Kichanga alitoa ile chuchu akauliza kama ampe au asimpe. Muuguzi hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu, na foleni nyuma yao ilikuwa imefika hadi barazani. "Mtoto aliyeshiba ukimpa, haina neno sana," alimwambia. "Mwenye njaa ukimtuliza kwa kitu kikavu, atanyamaza, na njaa yake atabaki nayo. Kwa uzito huu mimi naogopa. Lakini wewe ndiye unayemjua mtoto wako, mama. Amua."

Alitoka na mtoto mgongoni. Alijua shuka la pamba na la mchanganyiko kwa kuligusa tu na macho amefumba. Alijua doa gani litatoka na doa gani halitoki. Lakini yeye hakuwa anamjua mtoto wake mwenyewe, na kulijua hilo kulimwogopesha kuliko mzani. Kipakiti akakificha kwenye sanduku, chini ya khanga, na akaapa moyoni kwamba mtoto wake hatanyonya kitu kikavu.

Siku bomba la mvuke lilipopasuka chumba cha pasi kilijaa ukungu, msimamizi akawatoa wote nje, kisha akawaambia waende nyumbani mpaka kesho. Ilikuwa mchana, jua bado liko juu. Redio alitaka waende wote sokoni. Mama Kichanga alikataa. Kifua kilikuwa kizito, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kazini alikuwa na mchana mzima wa kukaa na mwanawe. Alitembea upesi, nusu akikimbia.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Aliusukuma polepole asimwamshe mtoto.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, gauni limefunguliwa vifungo mpaka kiunoni. Mtoto alikuwa kifuani pake. Alikuwa ananyonya titi la bibi yake, titi jembamba lililolala, akilishika kwa mkono wake mmoja kama mwenye mali. Macho ameyafumba. Na bibi macho ameyafumba. Kando yao, ndani ya beseni la maji baridi, kikombe cha maziwa kilikuwa bado kimejaa, na mafuta yameelea juu.

Kama Mama Kichanga angefungua kinywa wakati ule, yangetoka maneno ambayo hayarudi. Alihisi wivu, wivu hasa, ule wa kumkuta mtu na mtu, na aliona aibu kwa kuuhisi, na aibu haikuupunguza hata kidogo.

Mama mkwe alifungua macho. Hakushtuka. Alishusha pumzi tu.

"Umerudi mapema."

"Bomba limepasuka."

Bibi alijaribu kumtoa mtoto. Mtoto alibana. Alipotoka, alianza kilio kile kile, kile cha kila jioni, kile ambacho jirani hakuwahi kukisikia mchana.

"Humo hamna maziwa, Mama," alisema Mama Kichanga. Sauti yake ilikuwa ndogo, akaisikia kama ya mtu mwingine.

"Najua hamna. Yamekauka tangu mume wako ana meno ya utoto."

"Na ya kikombe?"

"Kijiko anakitema. Siku ya kwanza uliporudi kazini alilia mpaka akakosa pumzi, mwanangu. Midomo ikabadilika rangi. Nilimbeba, nilimtembeza, nilimwimbia, nikamweka chini nikalia na mimi. Nikasema nimpe ashike tu, anyamaze, nipate kumpa kijiko. Akanyamaza. Akalala. Nikasema, leo tu." Alianza kufunga vifungo, vidole vikakosea tundu. "Kila siku nasema leo tu. Anachoka kunyonya, analala. Akiamka analitaka hilo hilo."

"Na maziwa unapeleka wapi?"

"Namwaga. Nimwage mbele yako?"

Mtoto alikuwa analia kati yao, juu ya mkeka, na hakuna aliyemwinua. Kisha Mama Kichanga aliona jinsi bibi alivyolishika gauni lisiguse kifua. Chuchu ilikuwa nyekundu, imepasuka pembeni.

"Inauma?"

"Inauma," alisema mama mkwe. Alitazama chini. "Mpira niliukataa mimi. Kumbe mpira ni mimi mwenyewe."

Mama Kichanga alikaa, akamchukua mwanawe, akajifungua kifua. Maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe. Mtoto aligusa, akaonja, akaachia. Aligeuza shingo upande wa ile harufu aliyoizoea na kulia kuelekea huko. Mama yake alijaribu tena. Alimbadilisha upande, alimlaza, alimsimamisha, alimkamulia matone ulimini, mtoto akapaliwa. Mama mkwe alijisogeza mwisho wa mkeka, kisha akatoka kabisa, akaenda kukaa uani, ili mtoto asimnuse. Hata hilo halikusaidia. Mwishowe mtoto alimeza vijiko vichache katikati ya kwikwi, si kwa kupenda, ila kwa sababu kinywa kilikuwa wazi, akalala amekunja uso.

Mume aliporudi alikuta nyumba kimya, akauliza kama kuna msiba. Walimwambia. Alikaa kitako akijishika kichwa kwa mikono yenye saruji.

"Basi uache kazi, mama mtoto," alisema.

"Tule plasta?"

Kazi ya mumewe ilikuwa ya kuitwa, na wiki ile hakuwa ameitwa sana. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, na safari hii hakusema kwamba hayumo.

Mama Kichanga alifungua sanduku, akainua khanga, akatoa kipakiti. Alitia maji kwenye sufuria, akaitumbukiza ile chuchu ya mpira, akasimama akiiangalia ikicheza juu ya mapovu. Kila njia aliyoifikiria ilikuwa na mtoto anayelia mwishoni mwake, au mtoto mwenye njaa aliyenyamaza, na hakujua kati ya kilio na njaa kipi kinaua upesi. Mpira kama titi la bibi, tofauti yake ni kwamba hautapasuka. Alijichukia kwa kuwaza hivyo, lakini aliwaza. Alipoitoa na kuikausha, mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kijiko kwanza, Mama," alimwambia. "Mpaka kikombe kiishe. Kikiisha na bado analia, ndipo umpe hii."

"Na kisipoisha?"

"Usimpe."

"Wala lile jingine?"

"Wala lile jingine."

Mama mkwe aliipokea ile pete kwa ncha za vidole. Aliigeuza akaitazama mbele na nyuma.

"Na akilia, mwanangu? Akilia kama siku ile?"

Mama Kichanga alifikiri. Alifikiri kweli, kwa sababu swali lilikuwa la haki na aliyeuliza alikuwa na haki ya kujibiwa. Kisha akaanza kuosha sufuria.

Asubuhi mama mkwe alivaa gauni lisilo na vifungo, la kuvaliwa kichwani, akajifunga na khanga kifuani akaikaza kwa mafundo mawili. Aliketi kwenye mkeka, mtoto magotini, kikombe na kijiko upande huu, chuchu ya mpira kwenye kisahani upande ule, imefunikwa kitambaa.

"Nenda, utachelewa," alisema. Hakumwita mke mwenza.

Mtoto alianza kabla mama yake hajafika barazani. Mama Kichanga aliurudisha mlango, akateremka ngazi, akafika mpaka kwenye ukuta wa jirani, akasimama. Kutoka pale alisikia kila kitu. Alisikia kijiko kikigonga kikombe. Alisikia mtoto akipaliwa, akitema, akipanda juu, juu zaidi, na bibi akisema, "Kidogo tu, baba, kidogo tu." Kijiko kiligonga tena. Kilio kilipanda mpaka kikakatika, kikawa kile cha kutafuta pumzi, na yeye akazuia pumzi yake pamoja nacho. Ndani ya chumba cha mshona nguo cherehani ilisimama.

Halafu mtoto akanyamaza.

Si kidogo kidogo, kama anayeshiba. Alinyamaza mara moja.

Mama Kichanga alitega sikio asikie kijiko. Hakukisikia. Alirudi hatua kwa hatua, akapanda ngazi, akaweka mkono juu ya kitasa. Angefungua, angeona kama ni mpira au ni lile jingine. Na akishaona ingembidi afanye jambo, na jambo lenyewe hakuwa nalo. Nyuma ya mlango, karibu sana, mama mkwe alikohoa mara moja, taratibu, kikohozi cha mtu anayeogopa kumwamsha mwenzake. Cherehani ya jirani ilianza tena kushona. Kitasa kilikuwa bado cha baridi, na mkono wake ulikuwa bado juu yake.