Tope la Ukerewe Kwenye Ukungu wa Shume

"Usinichekeshe, mama Raheli! Nikicheka unapasuka, na ukipasuka kabla ya kukauka tunaanza upya!"

Mume wangu Fanueli aliyasema hayo akiwa ameuma meno, kwa sababu uso wake wote, kuanzia kwenye nywele hadi kidevuni, ulikuwa umepakwa udongo wa kufinyangia vyungu. Alikuwa ameketi uani juu ya kigoda tangu saa kumi na mbili asubuhi, shingo ameinyoosha kama jogoo anayesikiliza. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

"Nani anakuchekesha? Nakwambia unawe. Saa nne afisa wa wilaya anasoma majina ya wagombea uenyekiti wa kijiji. Asiyekuwepo anafutwa. Umesahau?"

"Sijasahau. Ndiyo maana najitengeneza."

Wifi yangu Esta, dada yake Fanueli, alikuwa anampepea kwa ungo. Aliolewa Ukerewe miaka minane iliyopita, na wiki ile alikuja kututembelea akiwa na ngozi nyororo kama ya mtoto. Alipoona mashavu ya kaka yake yalivyochanika kwa baridi ya Julai, alilia machozi. Kwao kisiwani, akasema, wanachota tope la ufukweni, wanachanganya na ute wa yai, wanapaka, wanakaa juani robo saa. Likipasuka wananawa ziwani. Basi.

"Wifi, kule kuna jua," nikasema. "Hapa Shume tangu Jumapili hatujaliona hata banda la mbuzi kwa ukungu. Nguo nilizofua Jumatatu bado zinachuruzika."

"Utakauka tu. Ukinawa ungali mbichi unaacha mabaka, wifi. Mabaka!"

"Baba atafanana na yule ng'ombe wa mabaka wa misheni," akasema binti yetu Raheli.

"Wewe, nyamaza!" Fanueli akafoka, na kipande cha shavu kikateleza hadi kwenye kola. Esta akakirudisha kwa kidole.

Nilisomea maarifa ya nyumbani chuoni na diploma ninayo. Ningeulizwa, ningejibu: maji ya vuguvugu, samli kidogo uso ukiwa bado na unyevu, ukitoka nje jifunge skafu. Dakika tatu. Lakini Fanueli alisikia kwamba mpiga picha anakuja, na kwamba picha ya mwenyekiti itatundikwa ofisini. Akili ikahama.

Mimi picha hainihusu. Mpinzani wake ni Silvano, na Silvano ameapa kwamba shamba lote la kijiji litapandwa kabichi tena. Mwaka jana lori halikuja kuzichukua. Tulikula kabichi asubuhi, mchana na jioni, hadi mbuzi wakazisusa. Fanueli peke yake ndiye aliyejitokeza kusema tupande viazi.

Tukamhamishia jikoni, karibu na moto. Akatoa jasho, udongo ukalainika zaidi, kisha ukashika masizi. Huko chini, kwenye uwanja wa shule, wakaanza kugonga rimu ya lori. Mkutano ulikuwa unaanza.

"Dakika kumi tu," Fanueli akaomba.

"Kumi za Ukerewe au za hapa?"

Nikaweka mwiko chini, nikamshika mkono, nikamnyanyua.

"Uso wangu!"

"Uso utakuja nyuma. Twende."

Tukateremka mbio kwenye utelezi, Esta nyuma yetu na ungo wake, akipepea hewani. Tulipofika uwanjani Fanueli akajificha mgongoni kwangu, kajifunika kanga yangu. Silvano alikwisha kaa mbele, amechana nywele.

"Ndugu Fanueli Shemhilu?" afisa akaita.

Mume wangu akajikunyata zaidi ndani ya kanga.

"Ndugu Fanueli Shemhilu. Mara ya pili, na ya mwisho."

"Bado mbichi," Fanueli akaninong'oneza.

Nikaukamata mkono wake, nikauinua juu kadiri nilivyoweza.

"Yupo!"