Mashine Ikajibiwa Hakuna

Asubuhi ile fundi alikuwa anajenga kiunganishi cha mashine ya kukata mabati, na chai yake ilikuwa imeshapoa pembeni ya kompyuta. Kiunganishi ni programu isiyo na makuu. Hupokea vipande vya programu vilivyoandikwa na watu mbalimbali, huvishona kama fundi cherehani anayeletewa mikono na huyu na kola na yule, na mwisho hutoa vazi moja linaloenea mwili wa mashine moja. Na kwa kuwa mwili wa mashine ya mabati si mwili wa pampu, wala wa pampu si wa tanuri, kila aina ya mashine ilitaka kiunganishi kisanidiwe, yaani kipewe maagizo yake, na kijengwe upya. Kazi ya kuchosha, lakini yeye aliiweza hasa.

Kiunganishi kikasimama katikati. Kilisema kuna kipande hakijaletwa: kile cha kuuliza, kabla kisu hakijashuka, kama kuna mkono wa mtu chini yake. Aliyepaswa kukiandika alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wenzake wawili. Fundi akaenda kumweleza mkuu wake, mtu mpole mwenye kupenda peremende. Mkuu akasema mteja amechoka kusubiri.

"Weka kipande kitupu," alisema. "Kikiulizwa, kijibu hakuna. Funika kombe, fundi, mwanaharamu apite."

Fundi hakupenda. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akiishi naye, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mteja huyohuyo, na mashine yenyewe ndiyo hiyo aliyokuwa akiisimamia. Alisema hivyo. Mkuu akamwambia vijana wa siku hizi wana macho, si lazima mashine nayo iwe nayo. Basi akaweka kipande kitupu. Na kwa kuwa hakutaka kusumbuliwa tena na jambo lile, ruhusa ya kuweka vipande vitupu mahali pa vilivyokosekana hakuiandika kwenye usanidi wa mashine ya mabati peke yake. Aliiandika juu kabisa, kwenye usanidi wa mashine zote. Kiunganishi kikamaliza.

Programu ikapakiwa kiwandani, na jioni yake mdogo mtu akarudi nyumbani bila mkono wa kulia.

Hapakuwa na damu wala bandeji. Kiganja hakikuwapo tu, na pale kilipokuwa kinaanzia palikuwa laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Alivua viatu, akashika kijiko kwa kushoto, akaomba chumvi. Alieleza kwamba mashine ilipowashwa iliuliza kama kuna mkono, ikajibiwa hakuna, na ikawa hakuna. Idara nzima vilevile. Haikuuma. Msimamizi alikuwa amefurahi, maana tangu asubuhi hakuna aliyekatwa.

"Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi," alisema akicheka. "Wangu, dada, hata huo mtupu haupo."

Fundi, dada yake, alicheka ili asimvunje moyo, kisha akaingia chumbani, akaketi kitandani. Alimjua aliyeandika lile "hakuna".

Kesho yake aliandika mwenyewe kipande cha kweli. Kilikuwa kifupi na kizuri, ila hakikuwa na wa kumuuliza: mashine haikuwa na jicho. Jicho lilikuwa limeondolewa ili bei ishuke, na mkuu alijua tangu mwanzo. Alipoelezwa habari za mikono, mkuu alifungua peremende, akafikiri kwa dhati kabisa.

"Lakini si afadhali?" alisema. "Asiye na mkono hakatwi mkono."

Kiwandani nako waliona hivyohivyo. Mdogo wake akahamishiwa kwenye tanuri la kukaushia rangi, chumba kirefu cha chuma ambamo mtu husukuma toroli la mabati yaliyopakwa, akatoka, mlango ukajifunga, moto ukawaka. Kazi ya mkono mmoja. Dada alishukuru, maana tanuri halina kisu.

Siku chache baadaye alijenga kiunganishi cha tanuri hilo. Kilipita bila kusimama hata mara moja. Akafurahi, akapeleka kazi, akaenda kunawa. Ni pale bombani ndipo akili ilipomjia kwamba kisingeweza kupita hivyo. Watu wamepunguzwa, lazima kipande kikosekane. Akarudi mbio kukagua. Kipande cha kuuliza, kabla mlango haujajifunga, kama kuna mtu ndani, kilikuwa kitupu. Kiunganishi kilikuwa kimekiweka chenyewe, kwa ruhusa aliyokipa yeye.

Akaifuta ruhusa. Papo hapo kiunganishi kikasimama, kikadai kipande chake. Mkuu akaja, akairudisha ruhusa kwa kidole kimoja, akamsihi asijiumize kichwa. Programu yenyewe imeshapakiwa, alisema.

Akampigia mdogo wake simu. Iliita hadi ikakatika. Akaenda kiwandani, na mlinzi wa getini, aliyekuwa akimfahamu, akampeleka hadi kwenye kioo cha upande wa tanuri. Toroli lilikuwa likiingia na kutoka lenyewe. Lilisimama kidogo mlangoni kila safari, kama linavyosimama likisukumwa na mtu aliyechoka.

"Kule hakuna mtu, dada," mlinzi alisema kwa upole.

Jioni mlango wa nyumbani ukafunguka, kiti kikavutwa. Fundi akapakua chakula. Kijiko kikawa kinapanda na kushuka. Alimuuliza mdogo wake kama ameumia, na sauti yake ileile ikajibu hapana, ila kuna joto, na mlango wa tanuri siku hizi hujifunga mtu hajamaliza kutoka. Alimsihi aache kazi. Akajibiwa kwamba kazi ni kazi, na asiyeonekana ataajiriwa na nani?

"Siku mlango ukinifungia," sauti ilisema, "utajuaje?"

Tangu hapo alijua yu hai kwa sahani tu. Kila jioni alipakua, akaketi mkabala, akatazama chakula kikipungua, na hofu ikamwachia mpaka kulipokucha.

Ikaja jioni ambayo chakula kilipoa. Akakipasha moto, kikapoa tena.

Asubuhi akampigia msimamizi wa kiwanda. Msimamizi alikuwa muungwana. Alimwomba asubiri, akaenda kuwahesabu watu wake mmoja mmoja, akarudi kwenye simu.

"Wote wapo," alisema. "Upande wa tanuri hakuna aliyekosekana, maana kule hakuna mtu."

Fundi akamshukuru. Alipofika kazini alikuta mkuu anagawa soda. Mteja alikuwa ameagiza programu za matanuri mengine matano, kila moja la aina yake, kwa kuwa tangu ile ya kwanza ipakiwe hakuna aliyewahi kuumia. Fundi akavuta kiti. Alilia kidogo, kimyakimya, mkuu akamwekea peremende mezani. Kisha akasanidi kiunganishi cha kwanza, akakijenga, na kikamaliza bila kudai chochote.