Jenereta Iliyopiga Besi

Jenereta ilikuwa imetengenezwa, na hapo ndipo albamu ya Josaphat ilipoharibika.

Kwa miezi miwili mashine hiyo mbovu ilinguruma nyuma ya depo ya bia ya Mama Vagheni, mjini Butembo, ukutani kabisa mwa chumba alichorekodia Josaphat. Mpiga besi wake alikimbilia Uganda vita vilipoanza, gitaa mgongoni. Josaphat, mpiga kinanda na mpangaji wa muziki, akasikia ngurumo ile ikiingia kwenye kila mkanda, akaona bora aiajiri. Ililia noti moja tu, fa-dièse, kutwa nzima, na haikuomba bia. Akapanga nyimbo saba za jazi juu ya noti hiyo.

Sita zilikwisha. Ya saba ilibidi irekodiwe Ijumaa hii. Kinanda kilikuwa cha parokia moja ya Beni, na lori la Kasimu lingekirudisha baada ya sala ya mchana, nyuma ya msafara wa wanajeshi. Barabara ikifungwa tena, hakuna aliyejua itafunguliwa lini.

"Mama, nani aligusa mashini?" akauliza Josaphat.

"Ni miye! Nilileta fundi wa Musienene, akakaza resori, ile springi ya mwendo. Sikia vile iko nalia muzuri!"

"Iko nalia sol, Mama! Ilikuwa fa-dièse, chini kidogo."

"Donc imepanda cheo, na weye unanuna."

Fundi alikwisha kwenda zake. Josaphat akamgeukia Ananie, mpiga saksofoni. "Basi tupige ku sol."

"Papa Josa, vidole vyangu vilijifunza njia moja, miezi mbili. Sol hapana jua. Kaitafute Uganda kwa ule wa besi."

Mara friji ya Mama Vagheni ikajiwasha. Ngurumo ikashuka kidogo, kama mtu aliyebebeshwa gunia. Josaphat akaruka: vyombo vikiongezeka, noti inashuka!

"Pasi! Kila mutu mwenye kitu ya kuchomeka, alete! Courant ni ya bure!"

Butembo nzima haikuwa na umeme, lakini kumbe pasi zilikuwepo, zimelala chini ya vitanda. Joyeuse mshonaji akaja na tatu pamoja na nguo za wateja. Mwenye saluni akaleta kofia ya kukaushia nywele, bibi harusi akiwa chini yake. Fundi chuma akaja na mashine ya kuchomelea, mlango kichwani. Josaphat alikuwa dirishani, kidole kwenye kinanda.

"Bado! Ongeza pasi! Eh, imepita, toa redio! Hapo! Mutu asiguse kitu!"

Fa-dièse. Wakaanza.

Ananie siku hiyo alipuliza hata fundi chuma akaacha kazi. Joyeuse alifumba macho, mkono juu ya pasi, pasi juu ya kanzu ya Kasimu.

"Joyeuse! Mugongo ya kanzu yangu!" akapiga kelele Kasimu, aliyekuja kuchukua kinanda. Sauti ikaingia kwenye mkanda. Josaphat hakuifuta, maana ilianguka sawasawa kwenye mdundo.

Wimbo ulikuwa wa dakika sita na sekunde kumi. Ulikula kanzu moja, ambayo Kasimu aliivaa hivyohivyo mpaka Beni, tundu la pasi mgongoni. Mlango mmoja ulioungwa nusu. Nywele za bibi harusi, zilizokauka upande wa kushoto tu. Na jenereta moja, iliyozimika pamoja na noti ya mwisho na haikuwaka tena.