Viatu vya Kupandia Ufa

Mwaka ule nilikuwa nimechoka hata kabla Apollo hajabisha hodi. Nilikuwa fundi viatu wa Walukuba, katika mji usio na viatu. Kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi hapo Jinja kilikuwa kimesimama kwa kukosa ngozi, na ngozi ilikwenda wapi hakuna aliyeuliza, maana kuuliza nako kulikuwa na hatari yake. Watu walivaa ndara za tairi. Mimi nilikaa barazani nikirudishia kamba zilizokatika, nikiwaza Kisumu, kwa mke wangu Beldina, ambaye nilikuwa sijamwona miezi minane. Mkenya aliyefika mpaka wa Busia bila barua ya mkubwa alirudishwa bila saa ya mkononi, na pengine bila meno.

Apollo alikuja wiki ya kwanza ya Januari 1977, kutoka Mbale, amebeba gunia. Tulijuana zamani. Alikuwa Mgisu, tarishi wa ofisi ya wilaya, mwembamba, vidole vya mikono vimevimba maungio kama tangawizi. Vidole hivyo alivipata kwenye jabali la Wanale, lililo juu ya mji wa Mbale. Mwalimu mmoja Mzungu alimfundisha kupanda miamba kwa kamba, wakawa wanapanda pamoja kila Jumamosi kwa miaka minne, mpaka Mzungu akaondoka na wenzake. Mimi niliuona ule kuwa wazimu. Mtu mwenye akili hupita njia ya ng'ombe.

"Mzee Nicanor," alisema, "afande amenituma kwako. Nataka unitengenezee kiatu ya kupanda."

Afande mwenyewe alikuwa Kapteni Enos wa kambi ya Mbale. Tarehe ishirini na tano jeshi lingeadhimisha miaka sita ya kutawala, na kapteni alitaka wageni wake wamwone mtu akipanda jabali kwa ule ufa mrefu unaolipasua kutoka chini hadi juu, kisha asimike bendera. Nikamwambia Apollo kwamba kule juu kuna mashamba, kuna watu, na kuna njia ya kupeleka bendera kwa miguu.

"Kapteni hapana taka bendera ifike," akajibu. "Anataka watu waone inafika."

Halafu akavuta kigoda karibu, akaniambia lililobaki. Kaka yake alikuwa amechukuliwa mwezi wa kumi, akatiwa kwenye buti la gari mchana kweupe. Tangu siku hiyo Apollo aliamriwa kuripoti kambini kila Jumatatu, na jina lake likaandikwa kwenye vizuizi vyote vya barabara za kwenda Kenya. Mkewe Nambozo na watoto wawili walikwisha kuvuka kwa kisingizio cha msiba, wakawa wanamngoja Kimilili. Sasa, juu ya lile jabali hapakuwa na askari, kwa sababu gari la kambi halikuwa na petroli ya kupandia mlima. Akishasimika bendera angeingia migombani, angeshika njia za wakulima, na kwa mwendo wa siku mbili angekuwa kwa mkewe.

"Nikifika juu sishuki, mzee," alisema. "Wewe peke yako unajua."

Nilikasirika. Siri ya mwenzio katika siku zile ilikuwa mzigo wa kuni juu ya kichwa chako. Lakini nilikwisha kuisikia, na masikio hayana mlango.

Basi ilinibidi nipate kiatu cha kazi tatu: kipande ufa, kitembee siku mbili, na, kwa amri ya kapteni, kionekane buti jeusi la jeshi linalong'aa. Apollo akamwaga gunia. Zilikuwemo jozi tatu zilizobaki katika stoo ya yule mwalimu Mzungu. Ya kwanza ilikuwa laini, nyembamba, imechongoka mbele, kazi ya mtu anayejua sindano. Niliipenda palepale.

"Hii," nikasema.

"Hiyo ni ya jiwe laini, pahali unasimama kwa ncha ya kidole. Ufa ni kitu ingine." Akachukua mbao zangu mbili, akazisimamisha zikiachana kidogo, akaingiza mguu kwa ubavu, unyayo ukitazama ndani, kisha akanyoosha goti juu. Mguu ukakaza kama kabari. "Vidole kama vimekunjwa, hapa vinavunjika. Lazima vilale."

Jozi ya pili ilikuwa mabuti mazito ya mlimani. Yangefaa kutembea, lakini unene wake usingeingia ufani hata kwa nyundo. Ya tatu ilikuwa ya turubai, bapa, soli ngumu isiyopinda mtu akiisimamia kwa ubavu, shingo yake imepanda kufunika fundo la mguu, kwani mwamba hula fundo kwanza. Tatizo ni kwamba mpira wake ulikuwa umekauka kama gome.

Tukachagua hiyo, kisha tukagombana juu ya kipimo. Mimi fundi, napenda kiatu kishike mguu. Yeye alitaka nafasi, akikumbuka zile siku mbili. Nikamwambia mguu ukizunguka ndani ya kiatu, mtu atabaki amesimama na kiatu kikiwa kimekwenda zake. Akanijibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwisho tulipatana: kisigino kibane, vidole viguse ngozi bila kukunjika, na soksi moja nyepesi. Nikamtuma aende Mafubira na kurudi kwa miguu kabla sijampima, maana mguu wa asubuhi ni mwongo, huvimba jioni. Alikwenda mara mbili, siku mbili, bila kunung'unika. Mimi ndiye niliyenung'unika.

Kwa mpira nilijaribu tairi, nikaona nyuzi zake zinateleza. Nikajaribu soli za kiwandani, nazo hovyo. Nikapata mpira wa ndani wa gurudumu la lori la miwa, nikaupanga tabaka tabaka kwa gundi, nikamsimamisha Apollo nao kwenye ukingo wa zege wa mtaro, penye mteremko mkali. Alishika kama mjusi ukutani. Nikachana ngozi nyeusi ya yale mabuti, nikaivisha turubai, na upande wa kidole kidogo nikazungusha utepe wa mpira. Nilishona siku tisa. Nilipomaliza niliviweka mezani nikavitazama, na kwa muda nikasahau kuwa nimechoka.

Kapteni alipopelekewa habari akaamuru: fundi aje na viatu vyake. Tulifika Mbale tarehe ishirini na nne kwa lori la mahindi. Viatu vikachukuliwa na kuwekwa kambini pamoja na sare atakayovaa Apollo, na mimi nikalala nyumbani kwa Apollo, mtaa wa Nkoma, katika vyumba viwili visivyo na sauti ya mtoto.

Asubuhi, chini ya jabali, kulikuwa na turubai za wageni, viti, na bendi iliyokuwa ikipasha tarumbeta. Koplo Kirunda, kijana mpole wa Busoga, akaja na viatu amevifunga kwenye gazeti. Akavifunua mbele yangu kwa fahari. Vilikuwa vinang'aa. Vinang'aa juu, vinang'aa ubavuni, na alipovigeuza, soli nazo zinang'aa.

Katika kambi ile, siku ya ukaguzi, askari aliinua mguu nyuma kama ng'ombe mwenye mwiba kwatoni, na kapteni akatazama chini ya buti. Soli isipong'aa, fimbo. Kwa hiyo wote walizoea kupaka rangi hata pale panapokanyaga matope. Nilipitisha kidole gumba kwenye mpira wangu. Kikateleza juu ya nta.

"Koplo, umeua mtu," nikamwambia.

"Mzee, mimi nasaidia yeye!" Alikaribia kulia. "Afande akiona soli chafu, anapiga. Mimi nimesugua ya huyu kuliko yangu."

Alisema kweli. Alikuwa amekesha akifanya wema.

Rangi ya namna ile haifutiki kwa kitambaa. Ni kukwangua mpaka mpira mpya utokee. Nilikuwa na kipande cha kioo ninachokwangulia ngozi. Nikapiga magoti nikaanza na cha kushoto, soli, ncha, ubavu, vumbi jeusi likinijaa kifuani. Nilikuwa ndiyo kwanza nagusa cha kulia filimbi ikalia. Apollo akavitazama vyote viwili. Akavaa cha kushoto. Cha kulia akakifunga kamba, akakitundika shingoni, na mguu ukabaki mtupu.

"Kiatu ingine namna gani?" kapteni akauliza, uso umekunjamana.

"Nitavaa juu, afande. Nataka mbele ya bendera nisimame na kiatu safi."

Kapteni akapendezwa. Akawageukia wageni akawarudia maneno hayo kama yake. Kisha akaniona mimi. "Fundi, wewe kuja simama hapa. Kiatu yako ikileta aibu, wewe utajibu." Askari wawili wakasimama nami, mmoja kila upande, bunduki mikononi. Apollo alikuwa amekwisha kuingiza mikono ufani. Sikujua kama alisikia.

Alifunga kamba kiunoni, mwisho wake ukashikwa na Kirunda, ambaye Apollo alikuwa amemwelekeza kwa maneno matano tu. Ufa ulikuwa na urefu wa mita arobaini hivi. Alipanda polepole, akichomeka vipande vya chuma ufani na kupitisha kamba. Mguu wa kushoto uliingia, ukakaza, ukambeba. Kiatu kilifanya kazi niliyokituma. Kila zamu ya mguu wa kulia ilipofika nilifumba macho. Unyayo mtupu ndani ya mwamba ni nyama kwenye kisu. Katikati alisimama muda mrefu, na alipoendelea aliacha alama nyekundu ambayo hata wageni waliiona. Mama mmoja akasema, "Yesu wangu." Bendi ikaambiwa ipige.

Alifika juu. Akasimika bendera, watu wakapiga makofi, kapteni akapeana mikono na kila aliyekaa karibu. Nilimwona Apollo akiinama kuvaa kile kiatu cha pili. Kwa udongo na majani kilitosha hata kama kinateleza. Nyuma yake ilikuwa migomba, na nyuma ya migomba siku mbili, na mwisho wa siku mbili Nambozo. Alikuwa amebakiwa na kugeuka tu.

Akatazama chini. Aliniona nimesimama kati ya bunduki mbili.

Ningeweza kuinua mkono. Hatukuwa tumepatana ishara yoyote, lakini angeelewa. Mkono wa kumwambia mtu nenda unaeleweka kokote. Mimi mzee, watoto wangu wakubwa, yeye ana wawili wadogo. Yote hayo niliyafikiri, nisiseme sikupata muda. Mkono wangu ulikuwa mfukoni na nikauacha humo.

Apollo akageuka, akaingia migombani. Tukabaki tunaitazama bendera. Kapteni aliacha kucheka. Askari wa kulia kwangu akaivuta bunduki yake, nikasikia chuma kikilia karibu na sikio. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Kisha Apollo akatokea tena ukingoni, ameshika kamba.

Nitasema kama ilivyokuwa: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikakaa chini mbele ya wageni wa serikali.

Alishuka kwa kamba, kwa awamu mbili, maana kamba haikutosha kufika chini mara moja. Alipofika akaniegemea begani. "Mguu ulikataa, mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Singeweza kutembea." Nikamvua kiatu. Ngozi ilikuwa imechunika, damu nyingi, lakini mfupa mzima, vidole vizima. Nimeshika miguu ya watu miaka thelathini. Ule mguu ungefika Kimilili na kupita.

Kapteni alifurahi kupita kiasi. Akampa Apollo mkono, na mimi akaniuliza nataka nini. Ulimi wangu ukasema Kisumu kabla sijauzuia. Akaniandikia barua palepale, kwa kalamu ya mgeni, fundi huyu aruhusiwe kwenda kwao majuma mawili.

Jumatatu Apollo alikwenda kuripoti kama kawaida. Hakurudi. Habari zilinifikia Jinja Jumatano, na Ijumaa nilivuka Busia. Askari alisoma ile barua akaniita bwana.

Sikwenda Kisumu moja kwa moja. Nilipanda basi mpaka Kimilili, nikauliza, nikaonyeshwa nyumba. Nambozo alitoka na mtoto mgongoni. Habari mbaya zilikuwa zimekwisha kumfikia, macho yake yalikuwa mekundu na makavu. Nilipojitaja, alinikaribisha kwa heshima zote, akawaambia watoto wamwamkie mzee aliyeshona viatu vya baba.

"Wanasema alifika juu," aliniambia. "Ni kweli, mzee?"

"Ni kweli. Alifika."

"Sasa kwa nini alishuka?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwambia ukweli. Nilitazama mikono yangu.

"Viatu, mama," nikasema. "Nilikosea kipimo. Vilimbana, hakuweza kutembea."

Akaingia ndani, akarudi na chai, akaiweka mbele yangu, akaniambia nisijilaumu, fundi naye ni mtu. Nikainywa yote.