Nilivyokula Shamba la Oftobmo

Nilifika kijiji cha Sipandar kwa miguu, jiwe langu la kunolea miundu likiwa mgongoni, na nilikuwa ndiyo kwanza navua viatu mlangoni kwa Oftobmo niliposikia mlima unakohoa. Theluji iliporomoka nyuma yangu ikaziba barabara pale mto unapopinda. Watu wakatoka, wakatazama, wakarudi ndani kwenye moto. Mmoja alisema mzee huyu ana bahati. Mwingine akasema bahati ni ya mlima, maana ungenimeza mimi ungeumwa tumbo mpaka kiangazi.

Huku kwetu kwenye milima ya Pamiri unga hupanda na malori kutoka mjini, kwa hiyo barabara ikifungwa na unga nao umefungwa. Mwaka ule magunia yalikwisha kabla baridi haijaisha. Watu walikuwa wakila viazi, na viazi vikichosha wanakula uji wa matunda ya forosadi yaliyokaushwa na kusagwa, mtamu hata meno yanalia. Hawakuwa na huzuni nao. Walisema asubuhi ni forosadi, mchana ni forosadi, na jioni ukitaka kubadilisha chakula unahamia kona nyingine ya chumba ukale forosadi.

Mimi nilikuwa nakula mkate.

Oftobmo ni mjane wa makamo yangu, mfupi, ana mikono mikubwa kuliko ya kwangu. Anaishi na mke wa mwanawe, Savsan. Mwana mwenyewe yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi. Kila kukicha aliniwekea mkate wa moto, mwekundu kidogo ndani, pamoja na bakuli la chai ya maziwa yenye chumvi na siagi. Wao wawili walikaa upande wao wa chumba na uji wao. Nilipouliza mbona hawanisaidii kuula, Oftobmo alijibu kwamba mkate siku hizi unamletea kiungulia. Nikamgeukia Savsan, akawa anahesabu boriti za dari. Nilidhani lipo gunia la dukani limesalia pembeni, nami nimezoea kula kinachowekwa mbele yangu. Nikausifu mkate. Kadiri nilivyousifu, ndivyo ulivyozidi kuwa mkubwa.

Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilishuka kwa Aqnazar, mwenye kinu cha kusagia kinachozungushwa na maji, nikachonga upya jiwe lake lililokuwa limelainika. Aqnazar ni mtu mrefu, nyusi zake zimejaa unga tangu ujana, na hana neno analolisema bila kulichezea kwanza. Aliniuliza kama mkate wa kwa Oftobmo ni mtamu. Nikamwambia sijala mfano wake bonde zima.

"Lazima uwe mtamu," akasema. "Jana umekula kutoka kwenye mfereji mpaka kwenye lile jiwe jeusi. Ukienda kwa mwendo huo, bwana, Ijumaa utaufikia mti wa aprikoti."

Sikumwelewa. Akanishika mkono, akanitoa nje, akanionyesha shamba la Oftobmo juu ya nyumba, lile la ngazi ya juu kabisa kati ya mashamba yaliyochongwa mlimani, ambalo jua lilikuwa limeanza kulivua theluji. Sipandar shamba halipimwi kwa hatua. Linapimwa kwa mbegu linayoimeza. Shamba lile humeza kapu moja, na kapu lenyewe ndilo Oftobmo alilokuwa akimletea Aqnazar bakuli baada ya bakuli asage.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole mikate niliyokwisha kula.

Akanieleza mengine huku akicheka, kama mtu anayeeleza msiba wa jirani. Miaka michache nyuma walikuja watu wema na mbegu ya ngano nyeupe, ndefu, nzuri ya kutazama. Kijiji kizima kiliipokea, na ile ngano nyekundu ya wazee ikaliwa maana hapakuwa na haja nayo tena. Nyeupe ilisimama vizuri sana. Ilikuwa ingali ya kijani theluji ilipoanguka juu yake, na ng'ombe wakala karamu. Oftobmo peke yake hakuipokea, si kwa hekima, Aqnazar alisema, ni kwa ubishi tu, maana tangu utoto akiambiwa njoo anakwenda. Sasa nyekundu ilikuwa imebaki kwake tu. Walikuwa wamekubaliana ngazi ya juu ipandwe yote mwaka huu, na siku ya kuvuna kila nyumba ipewe bakuli la mbegu ianze upya, ili lori likikwama wasiwe watu wa kutazama barabara.

"Kwa hiyo huli shamba lake peke yake," akasema. "Unakula na la kwangu. Nami ninakusagia."

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu hawatembei uchi. Nani atamwambia mgeni asile? Na mgeni atawekewaje meza isiyo na mkate? Nikasema basi nitahamia kwake. Akasema nikifanya hivyo Oftobmo hatanisemesha mimi wala yeye mpaka kaburini, na zaidi ya hayo itabidi akaazime unga wa mkate wangu. Nikauliza ataazima wapi. "Kwa Oftobmo," akasema.

Kesho yake nilijaribu kwa ujanja. Nilisema jino linaniuma, siwezi kutafuna. Oftobmo akaumega mkate wote kwenye chai, akaongeza siagi, akanipa kijiko. Siku iliyofuata nikasema daktari wa mjini alinikataza ngano. Akauliza daktari huyo alinikataza lini, maana jana na juzi sikumkumbuka. Nikala. Kila tonge niliona limeacha nyuma yake sehemu tupu ya udongo. Nilipotoka nje niliuona mti wa aprikoti umenikaribia.

Jambo lililobaki lilikuwa moja, na nililijua tangu utoto, ila si la kufanyiwa mchezo. Katika mabonde yetu majivu ya jiko hutolewa na mtu wa nyumba. Mgeni hayagusi, hata akikaa msimu mzima. Nawajua wanaume waliooa, wakakaa kwa wakwe zao mwaka mzima wakingoja kuambiwa, haya, toa majivu. Anayeyatoa bila kuambiwa amejitia katika nyumba ile kwa mikono yake mwenyewe, na mwenye nyumba ana haki ya kumkubali au kumtupia viatu nje. Na barabara ilikuwa imefungwa. Ningekwenda wapi na viatu vyangu?

Alfajiri, Oftobmo alipokuwa zizini, nikachota majivu yote kwa koleo, nikayajaza ndoo, nikapanda nayo mpaka ngazi ya juu nikayamwaga shambani, mahali yanapomwagwa. Savsan aliniona nikipita. Akaziba mdomo kwa ncha ya kilemba.

Niliporudi, Oftobmo alikuwa amesimama mbele ya jiko lililosafishwa. Kapu la mbegu lilikuwa pembeni, bakuli liko ndani, tayari kwa safari ya kinuni.

"Nani kakwambia uguse majivu yangu?"

"Yalikuwa yamejaa, dada."

"Yajae. Wewe ni mgeni."

"Nilikuwa."

Mimi nilitazama viatu vyangu vilipo, nikakadiria viko mbali kiasi gani na mkono wake.

"Aqnazar kakwambia," akasema.

Nikajibu kwamba Aqnazar husema mengi, hasikilizwi yote.

"Umekula mkate wangu wote huo, ukaona hautoshi, unataka na nyumba?"

"Nataka uji wa forosadi."

Savsan ndiye aliyeanza kucheka, akakimbilia nje asionekane. Oftobmo hakucheka, lakini alikaa chini polepole, kama mtu anayeshusha mzigo alioubeba kwa muda mrefu akisema si mzito. Akaweka mkono juu ya kapu. Kisha akamwita Savsan, akamwambia bila kunitazama: "Mpe huyu bakuli. Akimaliza, mwonyeshe samadi ilipo."

Uji ule ulinibandika meno ya juu na ya chini, na sijapata kula chakula kitamu namna ile. Tangu saa hiyo jina la mgeni likafa. Nikawa wewe, na wewe hapo, na wewe usiye na macho. Nilibeba samadi mgongoni toka zizini hadi ngazi ya juu. Aqnazar alisimama kando ya mfereji akauliza kama mzigo ni mzito kuliko mkate. Oftobmo akamjibu kwa niaba yangu, kwamba angalau huyu hubeba, wengine hubeba nyusi tu.

Siku ya kupanda, Aqnazar alikuja na kifuko. Katika kila bakuli alilosaga alikuwa amechukua kiganja cha punje, ujira wake kama ilivyo desturi, ila safari hii hakukila. Akakimimina kapuni, akasema panya wa kinu chake hawapendi ngano nyekundu. Oftobmo akasema panya hao ni ndugu zake. Ndivyo walivyoshukuriana. Tukafunga maksai plau, Oftobmo akajaza mbegu katika upindo wa nguo yake, akaitupa kwa mkono ule mkubwa, mimi na Savsan tukifuata nyuma tukivunja madongoa. Mbegu ilipita jiwe jeusi, ikapita mti wa aprikoti, ikaishia karibu na ukingo. Kipande kilichobaki tulitia njegere, na hakuna aliyenitaja jina.

Ngano ilikuwa imeshachipua barabara ilipofunguka. Lori lilipanda na unga, watoto wakalipokea kwa mayowe, na harufu ya mkate ikatoka kila nyumba. Nami nikalifunga jiwe langu la kunolea, nikavaa viatu, maana miguu yangu haijui kukaa.

Oftobmo alikuwa mlangoni. Aliuliza nakwenda wapi. Nikasema bonde la pili, miundu ya watu inanisubiri.

"Mgeni huondoka akitaka," akasema. "Wewe ulitoa majivu. Mtu wa nyumba huondoka ngano ikiwa kapuni." Akaendelea kwamba shomoro wameanza kuja, na ukuta wa mfereji umebomoka, na leo maji ni zamu ya nyumba hii. Akanipa koleo.

Nilisimama nalo mkononi. Tangu ujana sijapata kukaa mahali nikaona kilichopandwa kikivunwa. Dereva akapiga honi, akaniuliza kwa sauti kama napanda au vipi.

Nikamwambia atangulie, zamu yetu ya maji imefika.