Jina la Agathe Kwenye Jiwe

Jiwe lilikuwa limelala kwenye karakana yangu tangu Pasaka, na nilikuwa nimechonga mstari mmoja tu: jina la Mathurin Gaudrel, baba wa ukoo wetu. Mstari wa pili ulikuwa wa mke wake, na hapo ndipo ukoo uliposhikana mashati. Agosti ilikuwa inabisha hodi, ndugu walishakata tiketi kutoka Louisiana na Montreal kuja kuona jiwe likisimamishwa, na mimi mchongaji nimekaa na patasi mkononi nikingoja wakubwa wamalize kutukanana.

Mama mkubwa Théotiste alishikilia kwamba Mathurin alikuwa na mke mmoja, Perrine, aliyevuka naye bahari kutoka Ufaransa. Agathe, binti wa Wamikmaki, wenyeji wa asili wa nchi hii, eti alikuwa mtumishi wa nyumba. Mama yangu Edmée, binamu yake, alishikilia kwamba Agathe alikuwa mke halali, tena ndiye aliyemzaa Jean, ambaye upande wetu wote umetokana naye.

Nasema mama yangu Edmée, na nitaendelea kusema hivyo. Hakunizaa. Aliyenizaa alifariki kabla sijaota jino, baba akamwoa Edmée, na mtu mwingine wa kumwita mama sikumjua.

Nusu ya ugomvi iliisha kwa padri. Vitabu vichache vya kanisa vilivyobaki vilimtaja Agathe kuwa mke wa ndoa wa Mathurin, baada ya kifo cha Perrine. Lakini vya miaka aliyozaliwa Jean viliteketea Waingereza walipowafukuza mababu zetu kutoka pwani hii, kwa hiyo tukabaki na midomo yetu, na midomo kwetu haina uhaba.

Jumapili moja mama alipika râpure, viazi vya kukwangua na kuku ndani, akamwalika Théotiste ili yaishe. Hata sahani hazijajaa, yakaanza upya.

“Haya, alimwoa,” Théotiste alisema. “Nimekubali, nimemeza. Lakini Jean ni wa Perrine, kama dada yake Anne, bibi yetu sisi.”

“Wa Perrine wapi! Kwani aliitwa nani? Jean wa Agathe! Mpaka anazikwa, Jean wa Agathe!”

“Na Anne aliitwa Anne wa Mathurin. Mbona yeye hakupewa jina la mama?”

“Kwa sababu mama zao ni mbalimbali, wewe mwanamke kichwa ngumu!” Mama alijigonga kifundo cha mkono. “Damu ya Agathe inapita humu. Mtoto ni wa aliyemzaa, basi. Wengine wote ni wapita njia.”

Niliweka uma mezani. Yeye hata hakunitazama, alikuwa amewaka. Nina umri wa kuwa na wajukuu, lakini maneno yale yaliniuma kama mtoto, na hasira ndiyo iliyonifungua macho.

“Mama,” nilisema, “hapa kijijini ni nani mwingine anaitwa kwa jina la mama yake wakati baba yake yuko hai?”

“Alphée wa Célina.”

“Baba yake alizama Alphée akiwa bado tumboni. Nimesema baba yuko hai. Mathurin aliishi mpaka akamzika Agathe, hilo hamjawahi kugombania.”

Ni Théotiste aliyejibu, polepole, jicho likiwa kwangu.

“Rosaire wa Edmée.”

Ndilo jina langu kijijini tangu utotoni, baba akiwa bado hai. Kwetu mtoto huitwa kwa baba yake, na baba akifa ndipo huitwa kwa mama. Lakini mwanamke akiingia katika nyumba ya mwanamume aliyefiwa na mke na kukuta mtoto mchanga, akamfanya wake, majirani humpa mtoto jina la mwanamke huyo, ili swali lisiulizwe tena. Anne alikuwa mkubwa Perrine alipofariki, akabaki na jina la baba. Jean alikuwa mchanga. Jina ambalo mama alilishika miaka yote kama ushahidi lilikuwa linamwambia kinyume.

“Si nilisema?” Théotiste alianza, kisha akaona uso wa mwenzake, akainamia sahani yake.

Mama alisukuma sahani. “Basi andika Perrine peke yake. Kumbe maisha yote nimejisifia mama wa watu.”

“Mama wa watu?” Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. “Na mimi je? Nimekuwa nikimwita nani mama?”

Mama aliinuka, akachukua sahani yangu iliyokwishapoa, akanikatia upya kipande cha pembeni, kile chenye ukoko, ambacho sisi watoto tulikuwa tukikipigania.

“Kula,” alisema. “Halafu uchonge. Perrine. Na chini yake, Agathe, mama yake Jean. Théotiste, ukibisha hutoki na râpure hapa.”

“Nani kabisha? Nipe na mimi ukoko.”

Agosti, siku ya kusimamisha jiwe, mgeni mmoja wa Louisiana alilitazama jiwe, akamuuliza mama kama ana damu ya Agathe.

“Hata tone,” alijibu, akanishika mkono akanivuta mbele ya watu. “Huyu ni mwanangu, Rosaire wa Edmée.”